Fedha za umma na saratani ya ngozi: tunalipia nini hasa?

Bajeti ya afya ikitaja tu kampeni ya kuzuia saratani ya ngozi, mabishano huanza. Mmoja atauliza inakuwaje serikali inunue kofia na losheni ya kukinga jua ilhali wagonjwa wa saratani wamepanga foleni wakisubiri dawa. Mwingine atajibu kwamba kinga ni bora kuliko tiba, kisha ataishia hapo, kana kwamba methali ni hesabu. Wa tatu atasema huo ni ugonjwa wa Wazungu, kwa hiyo fedha hizo zingekwenda kwenye malaria. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Tatizo ni kwamba wanazungumzia vitu tofauti huku wakidhani ni kimoja.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Saratani ya ngozi si moja. Aina kuu ni tatu. Mbili huanzia kwenye seli za tabaka la juu la ngozi: saratani ya seli za msingi, inayokua polepole na ambayo ni nadra kusambaa, na saratani ya seli bapa, ambayo ikiachwa hula nyama na mfupa na inaweza kusambaa mwilini. Ya tatu ni melanoma, inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Ni adimu kuliko hizo mbili, lakini kwa anayeipata ndiyo ya hatari zaidi. Mwaka 2020 melanoma ilikadiriwa kuwapata watu wapatao 325,000 duniani na kuua takriban 57,000.

Chanzo cha sehemu kubwa ya saratani hizi ni mionzi ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga wa jua ambayo macho hayaioni na ngozi haiisikii kama joto. Kwa kuwa haisikiki kama joto, mtu anaweza kuungua siku yenye ubaridi na mawingu mepesi bila kushtuka. Mionzi hiyo huharibu DNA ya seli. Mwili hurekebisha sehemu kubwa ya uharibifu huo, lakini si wote. Unaobaki hujilimbikiza, na kati ya jua la utotoni na kidonda cha uzeeni inaweza kupita miaka 30 au 40. Miaka hiyo ndiyo inayotatiza siasa yote ya fedha za kinga, na tutairudia.

Sasa upande wa fedha. Fedha za umma ni kodi, tozo na michango ya bima za afya za lazima, hata kama mwishowe zinatumiwa na shirika lisilo la kiserikali lililopewa kazi. Fedha hizo zinaweza kwenda sehemu tatu: kuzuia saratani isitokee, kuigundua mapema ikishatokea, au kuitibu. Vichwa vya habari huziita zote "vita dhidi ya saratani", na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa sababu shilingi iliyokwenda kwenye kipimo haijazuia chochote, imegundua tu.

Kwa nini serikali iingie kabisa? Si kila mtu ajinunulie kofia yake? Jibu fupi ni kwamba serikali nyingi tayari zinalipa, ila zinalipa mwishoni. Nchini Marekani, ambako watu karibu milioni 5 hutibiwa saratani ya ngozi kila mwaka, gharama za matibabu hayo zilikadiriwa kuwa dola bilioni 8.1 kwa mwaka katika kipindi cha 2007 hadi 2011. Sehemu kubwa ya fedha hizo haikwenda kwenye melanoma, bali kwenye zile aina mbili ambazo watu huziita nyepesi. Haziui wengi, lakini ni nyingi mno, na kila moja inahitaji daktari, kisu, maabara na siku za kutokwenda kazini.

Kinga ina kasoro moja ya kisiasa: mafanikio yake hayaonekani. Ni kama tuta la barabarani. Dereva aliyepunguza mwendo akapita salama hampigii simu waziri kumshukuru kwa ajali ambayo haikutokea. Anachokumbuka ni mtikisiko. Na kwa saratani ya ngozi, ajali iliyoepukwa leo ingetokea baada ya mawaziri kadhaa kupita. Ndiyo maana kifungu hiki huwa cha kwanza kufyekwa bajeti ikibana, na hakuna anayelalamika mwaka huo.

Nchi iliyokwenda mbali zaidi katika jambo hili ni Australia, na ina sababu. Wakazi wake wengi wana asili ya Ulaya, ngozi zao ni nyeupe, na wanaishi chini ya jua kali. Inakadiriwa kwamba Waaustralia wawili kati ya watatu watapatikana na aina fulani ya saratani ya ngozi kabla ya kufikisha miaka 70. Mwaka 1981 shirika la saratani la jimbo la Victoria lilirusha tangazo la televisheni lenye katuni ya shakwe anayecheza na kuimba "Slip! Slop! Slap!", yaani vaa shati, paka losheni, bandika kofia. Watu wengi huikumbuka hiyo katuni na kudhani ndiyo iliyofanya kazi yote. Haikuwa hivyo. Bajeti ya mwanzo ilikuwa ndogo, na tangazo pekee halibadilishi tabia za taifa.

Kilichobadilisha mambo ni mpango wa SunSmart, ulioanza mwaka 1988 katika jimbo hilohilo, ukiwa na chanzo cha fedha kisichotegemea huruma ya mwaka hadi mwaka. Mwaka uliotangulia, Victoria ilikuwa imepitisha sheria ya tumbaku iliyounda mfuko wa kukuza afya, VicHealth, na mfuko huo uligharamiwa kwa tozo ya tumbaku. Kwa maneno mengine, wavuta sigara walisaidia kulipia kofia za watoto. Utaratibu huo wa tozo ulikuja kubadilika miaka ya 1990 na fedha zikaanza kutoka hazina ya jimbo, lakini kufikia hapo mpango ulikuwa umeshakita mizizi.

Fedha hizo zilinunua nini? Hapa ndipo wengi hushangaa, kwa sababu losheni haikuwa sehemu kubwa. Zilinunua muda wa matangazo, tena si mara moja bali kila kiangazi. Zililipia watu wa kukaa na shule na kuandika kanuni, mojawapo ikiwa ile maarufu ya "huna kofia, huchezi", inayomweka mtoto asiye na kofia kivulini wakati wenzake wako uwanjani. Zililipia ushauri kwa halmashauri kuhusu vivuli kwenye viwanja vya michezo na mabwawa ya kuogelea. Na zililipia upimaji: mahojiano ya simu ya mara kwa mara yakiwauliza watu walivaa nini wikendi iliyopita na kama waliungua.

Mahojiano hayo ndiyo yaliyotoa somo ambalo naliona muhimu kuliko kaulimbiu zote. Watafiti walipolinganisha majibu ya watu na kiasi cha matangazo yaliyorushwa kati ya 1987 na 2002, waliona kwamba matangazo yakiwa mengi watu hujikinga zaidi, na yakipungua tabia nazo hulegea. Elimu ya afya haifanani na chanjo; ikichomwa mara moja haidumu. Kizazi kipya huzaliwa, kile cha zamani husahau, na mitindo hubadilika. Serikali inayotoa fedha za mwaka mmoja, ikapiga picha za uzinduzi na kuondoka, imenunua msimu mmoja tu.

Matokeo? Uchambuzi wa kiuchumi wa mpango wa Victoria ulikadiria kwamba kati ya 1988 na 2010 uliepusha saratani za ngozi zaidi ya 43,000, na kwamba kila dola iliyowekezwa ilirudisha zaidi ya dola 2. Takwimu za taifa nazo zina sura inayoeleza ile miaka 30 niliyoitaja: kwa Waaustralia walio chini ya miaka 40 melanoma imepungua, ilhali kwa wazee imeendelea kupanda. Mtu akitazama jumla tu, ataona wagonjwa wanaongezeka na kuhitimisha kwamba fedha zimepotea. Kumbe wazee hao waliungua kabla ya shakwe kuzaliwa, na waliokua na kofia vichwani ndio wanaoonyesha tofauti.

Sasa tuje kwenye losheni, maana mjadala hauwezi kuikwepa. Je, inafanya kazi? Ndiyo, na ushahidi bora unatoka Nambour, mji mdogo wa Queensland. Kati ya 1992 na 1996 wakazi zaidi ya 1,600 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likapewa losheni na kuelekezwa kuipaka kila siku, jingine likaendelea na mazoea yake. Saratani za seli bapa zilipungua kwa karibu asilimia 40 katika kundi la kwanza. Wakafuatiliwa kwa miaka kumi mingine, na melanoma katika kundi hilo zilikuwa 11 dhidi ya 22 za kundi la pili. Saratani ya seli za msingi haikupungua, jambo ambalo matangazo ya losheni hayapendi kulisema. Pia hayapendi kusema kwamba losheni ya SPF 30 (SPF ni kipimo cha nguvu ya kinga yake) huzuia karibu asilimia 97 ya mionzi inayounguza na SPF 50 huzuia kama 98, kwa hiyo namba kubwa ya bei ghali huongeza kidogo sana.

Swali la fedha za umma kuhusu losheni huwa linaanzia kwenye kabati la sheria kuliko kwenye stoo ya dawa. Losheni ni kipodozi au ni dawa? Ulaya huihesabu kama kipodozi. Marekani huihesabu kama dawa inayouzwa bila cheti cha daktari. Australia huiweka chini ya mamlaka ileile inayosimamia dawa na vifaa tiba. Uamuzi huo unaoonekana wa kikarani huamua nani anaikagua, nani anaiingiza nchini na kwa ushuru gani. Australia imeiondolea losheni ya SPF 15 na kuendelea kodi ya bidhaa na huduma. Uingereza huitoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, na wakati fulani mbunge Amy Callaghan, ambaye mwenyewe aliwahi kuugua melanoma, aliongoza kampeni bungeni ya kutaka iondolewe. Serikali inayosamehe kodi imetumia fedha za umma pia, ingawa hakuna hundi iliyoandikwa. Hesabu nyingi za "serikali imetoa kiasi gani" husahau fungu hili.

Zipo pia hatua za kinga zisizogharimu karibu chochote. Mwaka 2009 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliviweka vitanda vya mionzi vya kubadilisha rangi ya ngozi katika kundi la juu kabisa la visababishi vya saratani, kundi moja na tumbaku. Mwaka huohuo Brazil ikavipiga marufuku. Majimbo ya Australia yakafuata kwa kupiga marufuku biashara ya vitanda hivyo miaka michache baadaye. Marekani haikufika huko. Ilichagua kutoza ushuru wa asilimia 10 kuanzia Julai 2010, sehemu ya sheria ya bima ya afya ya mwaka huo. Marufuku huhitaji wino na wakaguzi wachache. Ushuru hata huingiza fedha. Kwa maoni yangu, mahali ambapo vitanda hivi bado vinapatikana kirahisi, serikali inayolipia mabango ya kutahadharisha vijana huku ikiviacha vifanye biashara inatupa maji kwenye pipa lililotoboka.

Twende kwa yule bwana wa tatu, anayesema ni ugonjwa wa Wazungu. Melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, ikiwa nyingi hukinga kweli, na watu weusi hupata saratani ya ngozi kwa uchache sana kuliko weupe. Lakini uchache si sifuri. Bob Marley alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36 kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Aina hiyo ya melanoma, inayotokea kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, ndiyo inayoonekana zaidi kwa watu weusi, na haihusiani sana na jua. Tafakari maana yake kwa bajeti. Kampeni ya kuhimiza losheni kwa watu weusi wote, iliyonakiliwa kutoka Australia, ingetumia fedha nyingi na kuokoa wachache mno. Fedha zilezile zingefanya kazi kubwa zaidi zikimfundisha mhudumu wa zahanati kutopuuza mstari mweusi unaopanuka chini ya ukucha au kidonda cha unyayo kisichopona, kwa sababu wagonjwa hawa hufika hospitali wakiwa wamechelewa.

Kwa watu wenye ualbino, mzani hugeuka kabisa. Mwili wao hutengeneza melanini kidogo sana au hautengenezi. Barani Afrika saratani ya seli bapa, hasa ya kichwa na shingo, huwapata wengi wao wakiwa bado vijana, umri ambao kwa wengine ugonjwa huo haufikiriwi kabisa. Na hali hii si adimu kama inavyodhaniwa: Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, wakati Ulaya na Marekani Kaskazini ni mmoja katika 17,000 hadi 20,000. Kwao losheni haiwezi kuitwa kipodozi kwa maana yoyote ya maana. Ni dawa ya kila siku ya maisha yote, pamoja na kofia pana, mikono mirefu na kivuli.

Hapa ndipo kugawa losheni kwa fedha za umma kunapotetewa kirahisi kuliko popote pengine: walengwa wanajulikana, hatari yao ni kubwa, na bidhaa ina kazi iliyothibitishwa. Kenya imekuwa ikitenga fedha za losheni kwa ajili yao tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 kupitia baraza lake la watu wenye ulemavu. Tanzania ina Kilisun, inayotengenezwa Moshi katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC na kusambazwa pamoja na kliniki za ngozi. Udhaifu wa mipango ya namna hii hauko kwenye wazo bali kwenye mnyororo. Losheni ikikatika miezi minne, jua halingoji zabuni ipite. Na mgawo wa losheni bila daktari anayekagua ngozi huacha vidonda vidogo vikue kimyakimya chini ya mafuta.

Kundi jingine linalosahaulika ni wanaofanya kazi juani: wakulima, wavuvi, mafundi ujenzi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi yalikadiria kwamba karibu kifo kimoja kati ya vitatu vya saratani ya ngozi isiyo melanoma husababishwa na kazi za nje, na kwamba mwaka 2019 vifo hivyo vilikaribia 19,000. Kwa watu hawa elimu pekee haisaidii sana. Fundi anajua jua ni kali. Hana ruhusa ya kuhamisha zege hadi jioni. Kinachohitajika ni kanuni za kazi, kivuli na ratiba, na sehemu ya gharama yake inapaswa kuwa ya mwajiri. Kinga nyingine za umma ni hizo: serikali hulipa mkaguzi, mwajiri hulipa turubai.

Imebaki dhana moja sugu, kwamba kampeni nzuri ni kupima kila mtu. Ujerumani ilijaribu. Tangu 2008 bima yake ya umma huwalipia watu wenye miaka 35 na zaidi kukaguliwa ngozi kila baada ya miaka miwili. Jaribio la awali la Schleswig-Holstein, mwaka 2003 na 2004, lilifuatiwa na kushuka kwa vifo vya melanoma katika jimbo hilo, na matumaini yakawa makubwa. Baadaye vifo vilirudi vilikokuwa, na nchi nzima haikuona kushuka kulikotarajiwa. Jopo la kitaifa la Marekani linaloshauri kuhusu kinga lilisema tena mwaka 2023 kwamba ushahidi hautoshi kupendekeza au kukataa kumkagua kila mtu mzima asiye na dalili. Jopo hilohilo linapendekeza ushauri wa kujikinga na jua kwa watoto na vijana wenye ngozi nyeupe. Kumpima mwenye doa linalobadilika ni jambo jingine, wala halina ubishi.

Na kabla ya kuuliza kama fedha zimefanya kazi, kuna swali la nani anahesabu. Rejista nyingi za saratani duniani haziandikishi kwa kawaida saratani za seli za msingi na seli bapa, kwa kuwa ni nyingi na nyingine hukatwa kliniki bila kupelekwa maabara. Australia yenyewe imetegemea sana madai ya malipo ya bima yake ya umma, Medicare, kujua ni ngapi zinatibiwa. Nchi isiyo na bima ya namna hiyo na isiyo na rejista inaweza kuzindua kampeni kila mwaka na isijue kama imeepusha saratani moja au elfu. Kifungu cha mshahara wa karani wa rejista hakina mvuto jukwaani, lakini mimi ningekiweka juu ya kifungu cha fulana za uzinduzi.